Nusu ya Jino

Kwamndolwa, Korogwe
2 Februari 2025

Babu Kibwana, shikamoo.

Natumaini kifua kimetulia na unalala bila kuketi. Sisi huku ni wazima. Bibi Filomena analalamikia goti la kushoto, lakini jana alipalilia mihogo mpaka saa sita na akakataa kusaidiwa, kwa hiyo goti lenyewe sijui tulihurumie au tuliogope. Anakusalimu wewe na binti yake, Mama. Yuko hapa mbele yangu anachambua maharage, na amenitaka niyataje maneno kwa sauti ninapoyaandika. Yeye hakusoma, na barua zako zote namsomea mimi, tangu salamu mpaka sahihi.

Waambie Baba na Mama nitakuja shule zikifungwa. Wao nawapigia simu, lakini wewe simu huisikii na ujumbe huuoni, ndiyo maana nakuandikia kwa herufi kubwa kama za ubaoni.

Sasa jambo lenyewe. Juma lililopita mdhibiti ubora wa shule aliingia darasani kwangu. Nina watoto sitini na wawili wa darasa la kwanza. Akawaambia wasome ubaoni: saa, sisi, samaki, sisimizi. Wakasoma kwa pamoja, bila kukosea hata neno moja, na wote kwa kithembe. Akawasimamisha mmoja mmoja. Kithembe. Akauliza kama ni ugonjwa wa mtaa huu. Mwalimu mkuu, Mama Rhoda, alikuwa nyuma ya darasa. Alinitazama mimi.

Baadaye akaniita ofisini, akasema nifundishe chochote nitakacho, lakini kwanza nimwone daktari wa meno kabla sijaiharibu wilaya nzima.

Unaujua mdomo wangu. Jino la mbele la juu, upande wa kushoto, halikuota kamwe. Lililo jirani yake limelala kuziba nafasi, na chonge limepanda juu ya mengine. Nina miaka ishirini na mitatu na sina picha hata moja ambayo sijafunika mdomo kwa mkono. Nimeamua kutafuta daktari.

Mjukuu wako,
Zuena


Misima, Handeni
16 Februari 2025

Mke wangu Zuena,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku tisa chini ya kiti cha Simeo, kondakta wa basi. Nilipomuuliza, alisema alidhani ni risiti.

Hapa hatujambo. Baba yako amemaliza kulima bonde la chini na anangoja mvua. Mama yako ana mafua. Dada yangu Maryamu amegombana na jirani kwa ajili ya mbuzi, na kwa kuwa mbuzi amekwisha kufa, sioni ugomvi huo utaishaje. Mimi nilipelekwa zahanati. Mganga anasema moyo umepanuka. Nimefundisha miaka thelathini na minne, thelathini ya mwanzo bila madawati ya kutosha, kwa hiyo sikushangaa.

Kuhusu meno sioni haraka. Marehemu baba yangu alikuwa na meno yaliyopishana na alioa wake watatu. Kithembe kwa mwalimu wa darasa la kwanza huwafanya watoto wasikilize kwa makini. Ila ukiwa umekwisha kuamua, nenda hospitali, usiende kwa wauza dawa wa gulioni.

Barua yako nimeisahihisha. Nimekupa saba kwa kumi. Mwandiko umeshuka.

Msalimie Bibi Filomena.

Babu yako,
Kibwana


Kwamndolwa, Korogwe
9 Machi 2025

Babu, shikamoo, na Ramadhani njema.

Pole na moyo. Naomba unywe dawa zako hata siku unazojisikia mzima, maana Mama ameniambia unazihesabu kisha unazirudisha kwenye kopo. Bibi anakusalimu. Anauliza kwa nini salamu zako kwake ni mstari mmoja tu siku zote. Nimemwambia walimu wa zamani walibana karatasi.

Nakueleza safari yangu ya kutafuta daktari. Nilianza gulioni, kinyume cha ushauri wako, kwa sababu barua yako ilikuwa bado iko chini ya kiti cha Simeo. Kuna bwana mmoja pale mwenye meza na chupa iliyojaa meno ya watu. Aliniambia atalinyoosha jino langu kwa uzi na dawa ya unga kwa siku saba. Nikamshukuru nikaondoka. Yeye mwenyewe alikuwa na meno matatu.

Kisha nikaenda hospitali. Daktari wa kinywa na meno wa pale ni kijana mwenye adabu. Alinitazama kwa tochi akaniambia kazi yake ni kung'oa na kuziba, na kwamba kupanga meno ni fani nyingine. Akanielekeza kwenye kliniki moja karibu na stendi, ambako daktari bingwa anakuja kutoka Tanga kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Anaitwa Daktari Castory.

Jana nikaenda na Bibi. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Pembeni yetu alikuwepo mama mmoja wa Mombo aliyemleta mwanawe mwenye meno mawili kwenye nafasi ya jino moja. Mimi nina nafasi isiyo na jino. Tulitazamana, tukaona kwamba jambo hili lingeweza kumalizwa pale pale nje.

Daktari alinijaza mdomo kitu laini kama ugali ambao haujaiva, akakitoa kikiwa na umbo la meno yangu yote. Akanipiga picha ya mionzi. Kisha akanieleza kwa subira. Alisema meno ni kama mashamba yaliyopakana. Shamba moja likiachwa, jirani hasemi kitu, ila kila msimu anasogeza mpaka kidogo. Ndivyo jino langu la pembeni lilivyofanya, na chonge likakosa mahali likapanda juu. Nyaya zinasaidia hivi: kila jino linagundishwa kifungo kidogo cha chuma, waya unapitishwa katikati, halafu kila mwezi unakazwa kidogo. Meno yanarudi kwenye mipaka yake kwa mwaka mmoja na nusu au miwili. Mfupa, alisema, unakubali kusogezwa ukiombwa polepole. Ukilazimishwa unakataa.

Lakini hawezi kuanza. Kwenye picha, lile jino langu ambalo halikuota lipo. Limelala ubavu ndani ya ufizi, na mbele yake kuna kitu kidogo cheupe, kama punje ya mchele iliyovunjika, kinachoizuia njia. Alituuliza kama niliwahi kuumia utotoni. Nikamweleza tunavyojua wote: nikiwa na miezi saba nilianguka kitandani hapo Misima, Bibi akiwa amelala, ufizi ukachanika. Bibi akainamisha kichwa kama anavyofanya kila siku hiyo ikitajwa.

Daktari akauliza, "Alikuwa ameshaota jino pale juu?" Bibi akasema hapana, hakuwa na jino hata moja. Mama naye kwa simu akasema meno yangu ya kwanza yalikuwa mawili ya chini, wiki chache baada ya kuanguka. Basi daktari akasema, kama hapakuwa na jino, kile kitu ni uvimbe mgumu, na inabidi niende Dar es Salaam kufanyiwa uchunguzi na labda kukatwa mfupa. Kama palikuwa na jino likavunjika, ni kipande tu, na atakitoa mwenyewe hapa Korogwe kabla ya chakula cha mchana.

Babu, siku ile wewe ndiye uliyeingia chumbani wa kwanza. Uliona jino?

Zuena


Misima, Handeni
2 Aprili 2025

Mke wangu Zuena,

Marahaba. Idi ilikuwa njema. Tulichinja kuku wawili, mmoja wetu na mmoja ambaye Maryamu anasema ni wetu.

Mvua zimeanza. Barabara ya kuteremka mtoni imekatika na watoto wanafika shuleni saa nne wakiwa na visingizio vya kweli, jambo linalowachanganya walimu. Panya wameingia ghalani. Baba yako ameweka mitego sita na amenasa kidole chake.

Nimefurahi kusikia habari za mashamba na mipaka. Daktari huyo angefaa kuwa mwalimu.

Miguu imeanza kuvimba. Naandika nikiwa nimeiweka juu ya kigoda.

Msalimie Bibi Filomena.

Babu yako,
Kibwana


Kwamndolwa, Korogwe
13 Aprili 2025

Babu, shikamoo.

Pole na miguu. Huku ni wazima, ila hatuna raha.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta jibu. Nilikuuliza swali moja nawe umenijibu panya. Ukiwa mwalimu wangu wa darasa la tano ulikuwa unatuandikia kwenye daftari, "Jibu swali lililoulizwa." Nami nakuandikia hivyo hivyo.

Jana nilimwona Daktari Castory tena. Amenipa barua ya kwenda Dar es Salaam tarehe 17 Juni. Nikamuuliza watafanya nini, akasema watafungua taya la juu na kutazama. Alilisema kwa upole sana, kwa hiyo niliogopa.

Nakuandikia jambo jingine wakati Bibi yuko kwenye jumuiya ya kanisani. Tangu siku ile ya kitandani Bibi hajampakata mtoto wa mtu yeyote. Nimekaa naye miaka minne ndipo nikagundua. Jirani yetu Janeth alijifungua Januari, akamleta mtoto ili Bibi amshike. Bibi akasema mikono yake imelowa. Haikuwa imelowa. Jana tukitoka kliniki aliniambia nikikatwa taya hatakwenda tena Misima hata kwa maziko ya mtu, kwa sababu hatajua aweke wapi uso. Nikamwambia hajakanyaga huko tangu mwaka 2002, kwa hiyo hakuna kitakachobadilika. Hakucheka.

Uliona jino, au hukuona?

Zuena


Misima, Handeni
25 Mei 2025

Zuena,

Marahaba. Barua hii isome peke yako, na usiisome kwa sauti. Nimeiandika kwa siku nne kwa sababu pumzi ni fupi. Baba yako ni mzima. Mama yako ni mzima. Mganga wa zahanati aliniambia nisiweke miadi ya mbali, akadhani hajanielewesha, akarudia. Nilikuwa nimemwelewa.

Niliona jino. Mwambie daktari palikuwa na jino, la juu, upande wa kushoto, na lilikatika. Nusu nilitoa mimi. Nusu ilibaki, nami nikadhani imekwisha.

Ilikuwa Alhamisi ya Septemba mwaka 2002. Asubuhi kabla ya kwenda shule nilikupandisha juu kwenye mwanga wa jua, ukacheka, nikaona ncha nyeupe kwenye ufizi wa juu. Chini hapakuwa na kitu. Unajua kwetu Wazigua mtoto anayeanza na jino la juu anaitwa kigego, na unajua kwamba vigego zamani hawakuachwa waishi. Katika utoto wangu walikuwa wanaachwa, ila si vizuri. Nilisoma na mmoja, Semboja. Kila mtu akifa kijijini, watu walikuwa wanamtazama Semboja. Alikula peke yake mpaka alipohama.

Nilikwenda shule. Nilifundisha darasa la sita somo la mwili wa binadamu. Niliwaambia jino ni jino, litoke juu au chini, na nikampa alama zote mtoto aliyejibu hivyo. Saa saba nikarudi nyumbani. Baba na mama yako walikuwa shambani. Bibi Filomena, aliyekuja kumsaidia mama yako, alikuwa amelala na wewe kitandani. Alikuwa ameamka alfajiri kututekea maji, sisi sote, ndoo saba.

Nilichemsha koleo ndogo ya kutengenezea redio kwa dakika kumi na tano, kama inavyotakiwa. Nilikuchukua pembeni yake polepole asiamke. Nikaenda nawe stoo. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Ulipolia sikujua la kufanya na wewe. Nikarudi mbio chumbani, nikakulaza sakafuni pembeni ya kitanda, upande wake, nikatoka, kisha nikaingia tena kama mtu aliyesikia kilio. Nikamwuliza Bibi yako, "Mama Catherine, kumetokea nini?"

Yeye akaamka akaona damu. Akaamini kile alichokiona, na mimi ndiye niliyekipanga. Jioni niliwaita watu wa nyumba na majirani, tukawa kumi na mmoja, nikawaambia mtoto ameanguka kitandani akiwa mikononi mwa bibi yake, tusimlaumu, ni bahati mbaya. Nilisifiwa kwa kutolaumu. Kesho yake alifunga kanga yake akarudi Korogwe. Wiki tatu baadaye ukaota meno mawili ya chini, na mama yangu akapika wali.

Kwa miaka mingi nimejiambia nilifanya vile kukukinga na wazee, hasa mama yangu. Lakini mama yangu alikuwa na miaka tisini na moja na alikuwa haoni mlango. Jino lako lingekuwa mkongojo ndipo angeliona. Hapakuwa na mzee wa kuogopwa nyumbani ila mimi. Niliyeliogopa jino lile ni mimi, niliyesoma chuo cha ualimu miaka miwili na kufundisha sayansi. Mama alipofariki Novemba, watu walisema ni uzee. Mimi nilihesabu siku tangu niliponyanyua ile koleo, nikajiuliza kama nimechelewa.

Nilinyamaza pia kwa ajili ya jina lako, usije ukaitwa hivyo.

Nimekwisha.

Kibwana


Kwamndolwa, Korogwe
29 Juni 2025

Babu, shikamoo.

Sisi ni wazima. Nimechelewa kujibu kwa wiki tano na si kosa la Simeo.

Nilipeleka jibu lako kliniki tarehe 14. Nilimwambia daktari palikuwa na jino, likakatwa, nusu ikabaki. Hakuuliza nani. Alinichoma sindano ya ganzi, akachana ufizi kidogo, akatoa kile kipande kwa dakika ishirini na tano. Sasa jino langu la kweli litafungwa kauzi ka chuma livutwe chini polepole. Nyaya nitawekewa Julai. Safari ya Dar es Salaam imefutwa. Kwa hilo nakushukuru.

Kwa hiyo mimi ni kigego. Nilikaa na neno hilo jioni moja nzima. Nilikumbuka wote waliokufa tangu nizaliwe, mpaka nikafika kwa babu yake Janeth ambaye sikuwahi kumwona, ndipo nikajionea aibu. Halafu nilikuwa na madaftari sitini na mawili ya kusahihisha.

Koleo nimeielewa, Babu. Sijasema nimeisamehe, ila nimeielewa. Uliogopa. Nisichokielewa ni sakafu. Ulikuwa na muda wa kunifuta damu na kuniweka kitandani kimya. Ulichagua kunilaza upande wa Bibi.

Unasema ulinyamaza kwa ajili ya jina langu. Usinitumie. Jina ni langu na nimekwisha kulitoa kwenye visingizio vyako.

Barua yako sijamsomea. Aliniuliza mbona safari hii ni ndefu na nimeisoma kimya. Nikamwambia ni mambo ya meno. Huo ni uongo wa kwanza niliomwambia Bibi, na nimeusema kwa ajili yako. Siongezi wa pili. Mwandikie yeye. Nitamsomea neno kwa neno kama lilivyo, sitapamba na sitapunguza. Ukifa kabla hujaandika, nitamwambia mimi, na atajua kwamba ulipata nafasi.

Kunywa dawa.

Zuena


Misima, Handeni
6 Julai 2025

Kwa Mama Catherine, mzazi mwenzangu.

Habari za miaka mingi. Pole na goti.

Hukumwangusha Zuena. Hakuanguka. Ulikuwa umelala kwa sababu ulikuwa umechoka kwa kutuchotea maji, na mtoto alikuwa salama pembeni yako. Nilimchukua mimi. Nilimng'oa jino la juu kwa koleo kwa sababu lilitangulia la chini, na nikamlaza sakafuni ili uamke uamini ni wewe. Kisha nikawaita watu nikawaambia hivyo.

Wewe uliondoka. Mimi nilibaki nikaendelea kuitwa mwalimu.

Sina la kujitetea. Naumwa, na Zuena atakueleza kiasi gani, lakini sikuandikii kwa sababu naumwa. Nakuandikia kwa sababu mtoto ameniambia niandike, nami nimeona haya kwamba ilibidi niambiwe.

Kibwana


Kwamndolwa, Korogwe
13 Julai 2025

Mzee Kibwana.

Naandikiwa na Zuena. Maneno ni yangu na nimemkataza kuyalainisha.

Nimesikia. Nilimwambia arudie pale uliposema hakuanguka. Amerudia mara tatu.

Usife kwanza. Mimi nimelibeba jambo hili miaka ishirini na mitatu, huwezi kulitua wewe kwa wiki moja ukaenda kupumzika. Nakuja Jumamosi tarehe 26 kwa basi la kwanza. Uliwaita watu ukawaambia nimemwangusha. Waite hao hao.

Sitakula kwako.

Filomena

Babu, ni mimi Zuena. Alipomaliza kusema hayo alitoka nje akapasua kuni mpaka giza likaingia. Tuna kuni za kututosha mpaka Krismasi. Jana nimewekewa nyaya. Mdomo wote unauma na nakula uji. Nimejaribu kusema "sisimizi" mbele ya kioo. Bado.


Misima, Handeni
3 Agosti 2025

Mke wangu Zuena, kama bado jina hilo linaruhusiwa,

Marahaba. Anaandika baba yako, mimi nataja. Ameahidi kutoongeza kitu. Uso wake anapoandika siutazami.

Bibi yako alifika saa tatu asubuhi na chupa yake ya maji. Hakunisalimu. Alimkumbatia mama yako, akaketi kwenye kiti nilichokuwa nimemwandalia, akakihamisha kikawa mbele yangu.

Waliokuwepo mwaka ule tulikuwa kumi na mmoja. Watano wamekwisha kufa, kwa hiyo tulikuwa sita, na zaidi yetu mke wa kaka yako Abdulaziz aliyekuja na mtoto wake wa miezi mitano, ambaye hakuhusika lakini hakuna aliyemfukuza. Nilisimulia kama nilivyokuandikia. Nilipofika kwenye sakafu sauti ilinikatika. Bibi yako akangoja. Mama yako akataka kunipa maji, Bibi yako akamwambia, "Mwache. Atamaliza." Nikamaliza.

Dada yangu Maryamu akauliza polepole, "Kumbe lilikuwa la juu?" Nikasema ndiyo. Akatazama huku na huku akihesabu kwa vidole. Akasema, "Tulikuwa kumi na mmoja. Watano wamekwenda."

Nilijua atasema. Niliogopa hilo kwa miaka ishirini na mitatu, na lilipokuja nilikuta ni bibi kizee tu mwenye vidole vitano.

Bibi yako akamgeukia. Akasema, "Mmoja aligongwa na lori. Mmoja alikunywa pombe mpaka ini likaoza. Wawili sukari. Na mama yenu alikuwa na miaka tisini na moja. Maryamu, jino la mjukuu wangu linaendesha lori?"

Maryamu akasema yeye ameuliza tu.

"Basi nimekujibu tu," akasema Bibi yako.

Kisha akanigeukia mimi. Aliongea kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti, na alichokisema hakitaandikwa hapa kwa kuwa mwandishi ni mwanangu. Nilitaka kumwomba radhi katikati, akanikataza. Alisema radhi nitaomba siku atakayotaka yeye, na kwamba leo si siku hiyo. Nimemkubalia. Nimemwambia mganga wa zahanati hana uhakika kama nitaweza kungoja. Akasema ningoje, mganga huyo yeye hamtambui.

Mama yako hajasema na mimi tangu siku ile. Chai naletewa na baba yako, na hajui kipimo cha sukari. (Hapo nimemwambia aandike alivyosikia.)

Nikueleze na la mwisho, maana najua utaliuliza. Bibi yako aliposimama kuondoka, mke wa Abdulaziz alikuwa anatafuta viatu vyake, akamnyooshea mtoto mtu yeyote aliye karibu ili amshike. Aliye karibu alikuwa Bibi yako. Sote tuliona. Mama yako akapiga hatua kumpokea, kisha akasimama.

Bibi yako akampokea. Akaketi tena, akampakata, akamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akaosha kidole kwa maji ya chupa yake, akakipitisha kwenye ufizi wa mtoto, juu, kisha chini. Alichukua muda mrefu. Maryamu alikuwa amenyoosha shingo.

Akasema, "Hajaota bado."

Kisha akasema, akitutazama mmoja mmoja na mimi wa mwisho, "Likitoka, popote litakapotoka, mtaniita mimi kwanza."

Basi la jioni liliondoka bila yeye. Yuko hapa. Mtoto analala kwake.

Babu yako,
Kibwana